Vidonge vya Binti Yangu

Niliwahi kutupa chooni vidonge vya binti yangu, kisha nikanawa mikono na kujiona nimefanya la maana. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na habari za mvua na mahindi ya Mjimwema, mtaani kwetu hapa Songea, nitazunguka hadi nichoke, na nikichoka nitaweka kalamu chini kabla sijafika. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mwanafunzi anayezunguka swali namfahamu kwa mbali.

Ni mtoto wangu wa mwisho, na wa kike ni yeye peke yake; kaka zake walikuwa bado hawajaniletea mjukuu. Aliolewa na kijana wa Nakapanya, huko Tunduru, mnunuzi wa korosho. Ndoa ilifungwa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, na mimi nikabaki na kinyongo changu ambacho nilikificha vibaya. Mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Mumewe akamleta kwangu apumzike, akashusha begi lake, akanisalimia kwa adabu zote akiwa amesimama mlangoni, akaondoka. Nilimwandalia binti yangu chumba chake cha zamani, tukaanza kuishi wawili kama enzi zile alipokuwa sekondari.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu sisi, maana bila hilo mtu ataniona mwendawazimu. Katika ukoo wetu mama haongei na binti yake mambo ya uzazi. Tangu siku alipovunja ungo, mambo hayo yote yalihamia kwa shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, anayeishi Peramiho. Shangazi ndiye aliyemfunda. Shangazi ndiye aliyeambiwa kwamba ana mimba, na ndiye aliyenipigia simu kuniambia imeharibika. Mimi nilijua, binti yangu alijua kwamba najua, na sote wawili tukakaa jikoni tukizungumzia panya walioingia kwenye mahindi. Tuliona hiyo ndiyo heshima. Nilimwonea huruma hadi nikakosa raha, na huruma hiyo nikaipeleka yote kwenye sufuria.

Nilimlisha. Songea si mahali pa kulala njaa; mahindi yetu yanalisha mikoa ya watu. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba anakosa chakula anaweza kukufukuza uani kwake, na mimi ningekuwa wa kwanza kushika ufagio. Unga wangu ulikuwa na sifa mtaa mzima. Mahindi niliyakoboa mashineni, nikayaloweka siku nne, nikayaosha, nikayaanika, ndipo nikasaga. Ugali wake ulikuwa mweupe hadi mgeni anauliza umepikwa na unga gani. Pumba zote zilikwenda kwa nguruwe, na nguruwe wangu walinawiri, hilo nalo nilisifiwa. Mboga za majani nilizichemsha kwa magadi hadi zikalainika kabisa, nikamwaga yale maji ya kijani, kisha nikaziunga kwa karanga.

Na mimi huyu huyu ndiye niliyekuwa nachora makundi ya chakula ubaoni kila mwaka, kwa chaki za rangi. Naandika "vitamini", mbele yake naandika "mboga za majani na matunda", watoto wanaitikia kwa sauti, natoa jaribio, nasahihisha, anayekosa anabaki darasani. Kisha narudi nyumbani namwaga maji ya mboga. Haikunijia hata siku moja kwamba ubao ule ulikuwa unanihusu na mimi.

Vidonge nilivikuta Jumamosi moja nikivua foronya za kufua. Vilikuwa kwenye kimfuko cha nailoni cha zahanati, vidogo, vya njano, na juu ya kimfuko pameandikwa kwa kalamu: 1x1. Basi. Hakuna jina la dawa. Nilikaa kitandani nikavitazama. Mwanamke ambaye si mgonjwa, wala hana mimba, anameza kidonge kimoja kila siku na kuvificha ndani ya mto. Kwa akili yangu hilo lilikuwa na jibu moja tu, nalo ni uzazi wa mpango. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Nikasema moyoni, mimba moja imeharibika, na badala ya kuomba nyingine anafunga mlango. Au wamemfundisha huko Nakapanya. Au mume ndiye hataki mtoto wa mwanamke wa dini nyingine. Kesi nzima niliisikiliza na kuihukumu nikiwa na foronya mkononi.

Ningeweza kumuuliza. Alikuwa uani pale, hatua kumi, anachambua maharage. Lakini kinywa changu, ambacho hakijawahi kukosa neno mbele ya mwalimu mkuu wala mkaguzi, hakikuwa na sentensi ya kuanzia. Ningeweza kumpigia wifi yangu Peramiho aulize yeye. Ndivyo utaratibu wetu ulivyo. Sikupiga. Wifi yangu humdekeza, nikaona atamtetea. Nilipita nyuma ya banda la nguruwe nikavitupa chooni, kimfuko na vyote, nikarudi nikafua foronya na kuzianika.

Jioni alianza kutafuta. Alikung'uta godoro, akatoa nguo zote kwenye begi, akazirudisha, akazitoa tena. Nikasimama mlangoni.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Hereni, Mama. Moja imedondoka."

"Ile ya dhahabu?"

"Hapana, ya kawaida tu."

Nami nikapiga magoti nikamsaidia kutafuta hereni. Nilipapasa chini ya kitanda, nikainua mkeka, nikamulika kwa tochi ya simu kwenye kona, nikamwambia pole, vitu vidogo ndivyo vilivyo. Yeye alijua hatafuti hereni, mimi nilijua hatafuti hereni, na tukapekua chumba kizima kwa bidii. Kesho yake nilimwona kwenye shimo la taka anachokonoa kwa kijiti. Nikajifanya hamnazo. Nilidhani namfundisha adabu.

Wiki mbili baadaye alirudi kwa mumewe. Haikuisha miezi miwili, wifi yangu akapiga simu. "Wifi," akasema, "mwanao ana mzigo." Nilicheza. Nasema kweli, nilicheza peke yangu jikoni na mwiko mkononi, mwanamke wa miaka sitini na moja. Nikajipongeza. Kama si mimi, nikasema, angekuwa bado anameza vile vidude vyake. Nilitamani hata kumsimulia wifi yangu ushujaa wangu, nikajizuia tu kwa kuwa ningelazimika kueleza nilivyopekua mto wa mtu.

Kisha nikatuma maagizo, kupitia kwa shangazi kama kawaida. Mimba isitangazwe hadi ijitangaze yenyewe, maana ile ya kwanza ilisemwa mapema na macho ya watu si mazuri. Kliniki asiende kabla tumbo halijaonekana. Mayai asile, mtoto asije akazaliwa bila nywele. Binti yangu alitii yote. Ni mtoto mtiifu, na huo utii nilimfundisha mimi.

Alikuja kwangu mimba ikiwa na miezi mitano, kama wanavyokuja mabinti wengi kujifungulia kwa mama. Muuguzi wa kliniki akamgombeza kwa kuchelewa, akampa vidonge vya kuongeza damu, vyekundu. Hivyo sikuvikataa, kwa kuwa mimba ilikuwa tayari ipo. Aliviweka juu ya meza ndani ya kikombe, akakifunika kwa kisahani, na kila alipotoka chumbani alirudi kuhakikisha vipo. Hata akienda kuoga anarudi kwanza. Nilimtania kwamba anavilinda kuliko korosho za mumewe. Alitabasamu, akafunika kikombe chake.

Miezi ile ilikuwa mizuri, na kuisema inaniuma. Mvua ilikuwa nyingi, maboga yalitambaa hadi juu ya banda. Alikuwa anakaa kwenye kigoda na miguu imevimba, anafuma vikofia vya sufu, mimi namsomea habari za magazeti ya zamani ya kufungia vitumbua. Mtoto akicheza tumboni anashika mbavu, na mimi natazama pembeni, maana hata hilo halikuwa langu kuuliza. Siku moja aliuchukua mkono wangu mwenyewe, bila neno, akauweka pale. Nilisikia kitu kikisukuma kiganja changu. Baadaye nimejiuliza mara nyingi kama kilichosukuma kilikuwa mkono au mguu, na jibu nalijua.

Alijifungua mchana, Julai, baridi ya Songea ikiwa imekaza hadi wauguzi wamevaa masweta juu ya sare. Nilikuwa nje ya wodi na khanga mbili mpya na chupa ya uji. Nilisikia mtoto analia, nikapiga kigelegele, na hakuna aliyekiitikia. Waliponiita ndani, mtoto alikuwa amelazwa kifudifudi. Msichana. Alikuwa na nywele tele, nyeusi, hadi shingoni. Nilipoanza kuzigusa, muuguzi akanishika mkono taratibu akafunua khanga upande wa mgongo. Pale juu ya makalio palikuwa na uvimbe mwekundu, ukubwa wa nyanya, na ngozi haikuufunika. Akazigusa nyayo za mtoto kwa kidole, moja baada ya nyingine. Hazikucheza.

"Ni mgongo wazi, Bibi," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita bibi kwa haki. Nilimwitikia.

Siku ya pili, mume wa binti yangu akiwa ameshafika kutoka Nakapanya, daktari alitukalisha sote watatu kando ya kitanda cha mtoto. Alikuwa kijana mdogo, ningeweza kuwa nimemfundisha kusoma. Alieleza kwa upole kwamba uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mapema mno, katika wiki za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kinachousaidia ujifunge ni vitamini moja iitwayo foliki. Ipo kwenye mboga za majani, maharage, mayai, maini, lakini mboga zikichemshwa sana na maji yakamwagwa, nyingi inakwenda na maji, na ugali mweupe hauwezi kuirudisha. Mtu anaweza kushiba kila siku na bado akapungukiwa. Ndiyo maana, akasema, anayejiandaa kushika mimba hushauriwa ameze vidonge vyake kabla. Akamgeukia binti yangu.

"Uliwahi kupewa? Vidonge vidogo, vya njano."

Nakumbuka nilikuwa natazama vifungo vya koti lake. Cha tatu kilishonwa kwa uzi wa bluu.

"Nilipewa," akasema binti yangu. Alikuwa ameinamia mikono yake. "Ile mimba ya kwanza ilipoharibika. Muuguzi aliniambia nianze kabla sijarudi kwa mume wangu. Akasema nivitunze, maana vimebaki vichache. Nilimeza siku tisa, halafu nikavipoteza."

"Hukurudi kuomba vingine?"

"Niliona aibu. Nilikuwa nimeambiwa nivitunze."

Daktari alimwambia asijilaumu. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba vingezuia, akasema. Wapo wanaomeza kila siku na bado ikatokea. Nilimsikia vizuri. Maneno hayo nimeyarudia kuliko sala yoyote, nikiyatafuta mahali pa kujificha, na hayajawahi kunitosha. Kwa sababu nilikuwa nimekaa pale, kiti cha tatu, neno limenijaa kinywani, na nilichofanya ni kumpapasa mwanangu begani na kumwambia, "Usilie, vitu vidogo hupotea." Nilisema hivyo. Mbele ya mtoto wake.

Mjukuu wangu aliishi wiki tisa. Tulipewa rufaa, akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya mbali, mgongo ukafungwa, tukarudi naye Mjimwema tumejaa matumaini. Alikuwa mtoto wa kutazama watu; ukipita anakusindikiza kwa macho hadi mlangoni. Alipenda kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu. Mikono inapiga maji, anacheka kile kicheko kisicho na sauti cha vichanga, na kuanzia kiunoni kwenda chini ametulia kabisa. Binti yangu alimbadilisha bandeji bila kutetemeka. Alihesabu pamba, akahesabu pini, akafunga kopo, akalifungua akahesabu tena. Kisha kichwa cha mtoto kikaanza kuwa kikubwa, kisha ikaja homa. Alifariki wodini asubuhi, wakati wahudumu wanapita na uji. Baba yake alimchukua tukaenda kumzika Nakapanya, kwao. Mimi nimezika mume, nimezika wazazi, na sikuwa najua kwamba roho inaweza kuuma vile.

Mtaani kwangu maneno yalikuwa tayari. Jirani alikuja kunipa pole, akaniambia kwa kunong'ona kwamba wa kule Tunduru wana mambo yao, hawakuutaka ukoo wetu. Ningeweza kumkatalia. Nilijua kila kitu. Lakini nilikaa nikaguna tu, mmh, kama mtu anayekubali, kwa sababu uchawi wa Nakapanya ulikuwa unanisitiri. Naandika hili nikiwa na aibu kuliko lile la vidonge. Vile nilivitupa kwa kutojua.

Binti yangu alibaki Nakapanya, na habari zake zilinifikia kwa simu ya mumewe. Hakuna aliyemlaumu kule. Mama mkwe wake, mwanamke mpole wa swala tano, alimwambia ni kudra ya Mwenyezi Mungu, akawa anakaa naye kibarazani siku nzima ili asiwe peke yake. Aliyemlaumu alikuwa yeye mwenyewe. Hakukubali kubeba mtoto wa mtu yeyote, alisema atamwangusha. Funguo za nyumba alimrudishia mumewe. Akitumwa dukani anashika hela kwenye ngumi na kuitazama ngumi hiyo njia nzima. Mumewe alimwomba, kwa upole, kwamba wakati ukifika wajaribu tena. Alimjibu kuwa yeye si mtu wa kukabidhiwa mtoto, yeye ni mtu wa kupoteza. Mkwe wangu alinisimulia haya akilia, kijana yule yule niliyemhukumu na foronya mkononi kwamba hataki mtoto.

Neno moja kutoka kwangu lingemtua mzigo ule. Nilijua pia kwamba likishanitoka sitakuwa tena mama yake kwa namna niliyokuwa. Nilikaa nalo miezi saba. Niliacha kuloweka mahindi, nikaanza kusaga dona, mahindi na pumba zake, nikala mboga na maji yake, kama vile kuna mtu wa kusaidiwa na hilo. Nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, akaniuliza kama mhusika anajua. Nikasema hajui. Akanipa malipizi na kuniambia hayo ni ya upande wa Mungu, upande wa binti yangu bado. Nilitoka pale nimekasirika, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Mwishowe nilikwenda Peramiho kwa wifi yangu. Nilimweleza yote, kwa mara ya kwanza kwa sauti, tukiwa shambani nyuma ya nyumba yake anachuma majani ya maboga, likolo tunavyoita kwa Kingoni. Nikamwomba amwambie yeye, kwa kuwa haya ni mambo ya uzazi, na mambo ya uzazi ni ya shangazi. Alisimama na majani yake mkononi akanitazama hadi nikainamisha macho.

"Wifi, hili si la uzazi," akasema. "Hili ni la wizi. Ulimwibia mtoto. Nenda mwenyewe."

"Nitaanzaje?"

"Sijui. Mwalimu ni wewe."

Nilipanda basi la asubuhi la kwenda Masasi. Njia nzima nilikuwa na karatasi kwenye mkoba, nimeiandika kama andalio la somo: kwanza nitamwambia hivi, kisha nitaeleza kwa nini, kisha nitaomba msamaha. Kufika Namtumbo nilifuta mstari wa pili. Kufika Tunduru nilifuta mingine, na mikorosho ilipoanza kuonekana pande zote mbili za barabara karatasi ilikuwa haina kitu cha maana. Nilishuka Nakapanya adhuhuri, jua kali, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwao.

Mama mkwe wake alikuwa kibarazani kwenye mkeka anapepeta mchele. "Karibu mkwe, karibu sana," akasema, akitaka kuinuka. "Hukutuambia, tungekuchinjia kuku." Nilimwomba asiinuke, nikamsalimu, nikapita moja kwa moja hadi kwenye jiko la nyuma ya ua. Binti yangu alikuwa anapika kisamvu. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo inaonekana. Alinipigia goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniletea kigoda. Akakoroga sufuria, akatazama kibarazani, kisha akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, ili mama mkwe wake asisikie, habari za nguruwe. Wamefika wangapi? Yule jike mwekundu bado anavunja banda? Alikuwa anajaribu kunifurahisha. Nami nikakaribia kumjibu. Tungezungumza nguruwe hadi jua linazama, mimi na yeye, kazi hiyo tunaiweza.

"Vile vidonge," nikasema.

Akaacha kukoroga.

"Vile vya njano. Hukuvipoteza. Nilivikuta kwenye foronya nikavitupa chooni. Nilidhani ni vya kuzuia mimba. Na siku ile nilijua hutafuti hereni."

Yalitoka hivyo, ovyo, kwa mfululizo. Neno la kuomba msamaha nilikuwa nalo na halikutoka. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, ningejua la kufanya na tusi. Akauliza kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kuhakikisha kabla hajaandika jibu.

"Vilikuwa kwenye foronya? Pale pale nilipoviweka?"

"Pale pale."

"Ndani kabisa? Upande wa mshono?"

"Upande wa mshono."

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka mwiko juu ya kifuniko, akanipita bila kunigusa, akavuka ua hadi kibarazani. Alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya mama mkwe wake. Nilimsikia vizuri kutoka jikoni.

"Mama, sikuvipoteza," akasema. "Niliviweka vizuri. Sikuvipoteza mimi."

Yule mama hakuuliza nini wala lini. Alisukuma ungo wa mchele pembeni akamvuta. Binti yangu akalaza kichwa mapajani mwake akalia kwa sauti, kilio ambacho sikukisikia hata siku ya mazishi. Niliinuka niende. Nilifika mlangoni mwa jiko, yule mama akainua macho akaniona, akainua na kiganja kidogo, nisije. Alifanya hivyo bila ubaya wowote, mkono wake wa pili ukiwa juu ya kichwa cha mwanangu. Nikarudi. Kisamvu kilikuwa kinaanza kushika chini ya sufuria, nikachukua mwiko nikakoroga.